Tangi Lililojaa

Mwaka ule pikapu ya baba ilikuwa na kazi moja tu duniani: kupanda Ibaba, kumchukua dada yangu kabla siku zake hazijatimia, na kumfikisha hospitali kubwa Mbeya mtoto akiwa bado tumboni. Kazi nyingine zote baba alizikataa. Watu walikuja na magunia ya mahindi, wakaja na mchanga wa kujengea, mpaka jirani yetu akaja kuomba asombewe mbao. Baba akamjibu, "Hili gari lina miadi." Wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miadi yenyewe nilikuwa naijua.

Dada alikuwa ameolewa Ibaba, kule juu Ileje kwenye baridi na viazi, na uzazi wake wa kwanza ulimharibikia njiani. Uchungu ulimkuta masika, barabara imeoza, wakampandisha kwenye lori la mahindi lililokuwa likishuka. Lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Akajifungulia juu ya magunia, chini ya turubai, na mtoto hakulia. Habari zilitufikia wakati wameshazika. Baba hakusema mengi siku ile, ila alisema hili na mimi nikiwa nimesimama mlangoni: mjukuu wake wa pili hatashuka mlima ule juu ya mzigo wa mtu, atashuka ndani ya gari la babu yake.

Sasa dada alikuwa na mimba tena. Kliniki walishamwambia mtoto amelala kwa kukingama, asithubutu kuzalia nyumbani, aende akangojee karibu na hospitali ya kupasulia. Na mama mkwe wake alishaanza maneno. Yule mama alikuwa na mdomo, na anayesema hivi ni mimi ambaye mdomo wangu unajulikana soko zima la Tunduma nilikokuwa nauza mchele. Alikuwa akisema mwanawe ameoa tumbo la kaburi. Dada alinisimulia haya huku akicheka, lakini lilikuwa cheko la mtu anayeomba umwambie kwamba si kweli. Nikamwambia mama mkwe wake ni mchawi na roho yake mbaya. Akacheka vizuri kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dizeli. Baba aliinunua enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu Tunduma akawa na kitu cha kuuza, na ilikuwa imeshachoka kabla haijatufikia. Maisha yake yote ya kazi baba aliendesha malori ya watu kwenda Zambia, na kwenye mambo ya dizeli alikuwa haambiliki. Geji ya mafuta ilikufa zamani. Badala yake alikuwa na kijiti cha mwanzi alichokichonga alama, anakizamisha kwenye tangi, anakitoa, anakiinua juu kwenye mwanga na kukitazama. Gari likisimama kwa sababu yoyote ile, kitu cha kwanza ni kijiti. Mama alipokuwa hai alikuwa akimtania kwamba hata kuku akivuka barabara, yeye atapima mafuta.

Miezi michache kabla ya safari ya dada, gari lilichemsha kwenye kilima cha kuingilia Vwawa na kuunguza gasketi. Baba akasema sawa, bora limeharibika sasa kuliko siku ile, litengenezwe lote. Palikuwa na fundi mmoja Tunduma, mtu wa makamo kutoka mkoa mwingine, mpole, mtu wa swala tano, mwenye gereji ya wazi nyuma ya maegesho ya malori. Akafungua injini, akabadili gasketi, akapeleka pampu na nozeli Mbeya kupimwa kwenye mashine, akafunga. Gari likawaka mara moja, likanguruma taratibu, moshi hakuna. Baba alimpa fundi mkono na kuushikilia mpaka mimi nikaona aibu.

Kitu kimoja tu kilipotea pale gereji, mfuniko wa tangi. Baba akazunguka kwa wauza vyuma chakavu, akapata wa gari jingine, lakini haukukaa sawa, dizeli ikawa inaruka kwenye kona. Na Tunduma kwetu tangi lililo wazi ni mali ya umma. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka inalala pale pale barabarani, na wapo watu ambao kazi yao ni kupita na mpira na dumu wakinyonya mafuta ya wenzao. Basi baba akafanya vile tulivyofanya sote pale mjini. Akachukua mfuko wa rambo, akaufunika mdomo wa tangi, akashindilia mfuniko juu yake, halafu akauzungushia ukanda wa mpira wa tyubu, akaukaza kwa meno. Kuufungua kulitaka muda, na mwizi hana muda. Aliipenda kazi yake ile. Akaipigapiga kwa kiganja na kusema, "Hapa hata hewa haipiti."

Tulilijaribu kwa safari ya Nanyala, mimi nikifuata maharage. Mpemba safi. Vwawa safi, baba anapiga mluzi. Tulipopita Mlowo injini ikaanza kumisi. Kwanza kidogo, kama mtu anayezuia kikohozi kanisani. Halafu ikakosa nguvu, ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu, ikafa. Baba akashuka. Kijiti kwanza, akakuta mafuta yapo, karibu nusu. Ndipo akafungua boneti, akalegeza bolti ya filta, akapampu kwa mkono kutoa upepo mpaka dizeli ikatoka bila povu, akakaza. Likawaka! Tukafika Nanyala, tukapakia, tukarudi mpaka karibu na Vwawa, likaanza tena. Kijiti, kutoa upepo, likawaka.

"Kuna mahali linavuta hewa," baba akasema. "Fundi hakukaza kitu."

Fundi alilipokea gari bila ubishi. Alibadili filta. Alibadili mipira ya mafuta yote kutoka kwenye tangi mpaka kwenye pampu, akakaza kila kiungo kwa kibano kipya. Baba akaenda mpaka Vwawa na kurudi, likamisi. Fundi akafungua nozeli, akaweka washa mpya za shaba. Likamisi. Akarudia taimingi, akapima valvu, akapeleka pampu Mbeya kwa mara ya pili, kule wakamwambia pampu nzima, usitusumbue. Likamisi. Na kilichomtesa yule bwana ni kwamba yeye mwenyewe hakuliona hata siku moja likifanya hivyo. Analiendesha mpaka Mpemba na kurudi, linakwenda kama jipya.

"Mzee, mbona kwangu halimisi?"

"Linakuonea haya," baba akamjibu. "Linajua ulilolifanyia."

Alikuwa hatanii. Siku zilikuwa zinakwenda, tumbo la dada linakwenda nazo, na baba akawa hali vizuri. Asubuhi unamkuta ameegemea boneti akisikiliza injini inavyozunguka, shingo upande. Nikamwambia, jamani baba, Tunduma nzima hii ina magari, tukodi la mtu. Weee! Nilijuta kufungua mdomo. Akaniuliza kama nimesahau lori la mahindi. Akasema gari la mtu lina mambo ya mtu, litapakia abiria njiani, litasimama kwa shemeji wa dereva, na hili ni lake na analijua. Likizima, anatoa upepo, linawaka. Halijawahi kukataa kuwaka. Hilo lilikuwa kweli.

Tukapanda Ibaba. Njiani likazima mara kadhaa kwenye milima, na kila mara mambo yakawa yale yale. Baba anashuka, anakata ukanda wa mpira, anafungua, kijiti ndani, kijiti nje, anafunga, anakwenda kwenye boneti kutoa upepo, tunaondoka. Nilishazoea kiasi kwamba likizima nilikuwa natoa kitambaa nianze kufuma.

Tulifika jioni kuna ukungu. Dada alitoka kutupokea akiwa ameushika mgongo, miguu imevimba, uso mwembamba. Mama mkwe alitukaribisha kwa maneno matamu, akatupikia, akamsifu baba kwa gari zuri. Kabla giza halijaingia baba alichukua madumu ya dizeli aliyobeba kutoka Tunduma, akayamimina kwenye tangi mpaka yakaonekana mdomoni. Hakuwahi kulijaza lile gari namna ile, sisi tulikuwa watu wa kuweka kidogo kidogo. Lakini safari hii hakutaka kusimama popote, kwa lolote, mpaka Mbeya. Na kwa kuwa ni kuteremka, mafuta yangeruka, akaweka rambo mbili badala ya moja, akakaza mpira mara mbili. Dada alikuwa amesimama pembeni na shuka lake begani akimwangalia.

"Baba, umelijaza hivyo kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya huyo humo ndani," baba akasema, na ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka kwa moyo mmoja.

Uchungu ulimshika alfajiri, wiki kadhaa kabla ya siku zake. Hatukungoja chai. Tukamweka mbele katikati, mimi nikamshika, baba kwenye usukani, shemeji, yaani mumewe, akapanda nyuma na mablanketi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku lakini barabara ilipitika. Nakumbuka nilifikiri, tope si baya, Mungu ametuona.

Lilizima mapema kuliko siku zote. Hatukuwa tumekwenda hata nusu ya muda tuliouzoea. Likamisi, likatetemeka, na dada akapiga ukelele kwa ule mtetemo, likafa kwenye kona, mlima huku na bonde huku, hakuna nyumba. Baba akaruka chini na spana mkononi, moja kwa moja kwenye boneti. Nikasikia pampu ya mkono, fyuku, fyuku, fyuku. Akarudi, akawasha. Likawaka, likaenda kidogo, likafa. Akashuka tena. Fyuku, fyuku. Likawaka, likaenda kidogo zaidi ya hapo, likafa.

Dada alikuwa ameniuma bega bila kujua. Akainua kichwa, jasho linamtiririka, akasema kupitia dirishani, sauti yake ya kawaida kabisa, ile ya mtoto aliyekulia kwenye gari lile, "Baba, angalia mafuta."

"Mafuta yamejaa mpaka shingoni, mama," baba akamjibu kutoka chini ya boneti. "Nimeyajaza mwenyewe."

Akaendelea kupampu. Alipampu mpaka ngozi ya kidole gumba ikachubuka. Alifungua mabomba ya nozeli moja moja, akayafunga. Betri ikaanza kuchoka. Shemeji na mimi tukasukuma, gari likateremka, likashika, likazima. Tulipofika pale ambapo mteremko unaisha na kilima kinaanza, tukawa hatuna pa kulisukumia. Shemeji akavua viatu na kukimbia kutafuta watu.

Sitaki kuyaeleza yote ya ndani ya ile kebini. Mtoto aliyekingama hatoki kwa kusukuma, na dada alisukuma kwa sababu mwili ulimlazimisha. Nilimwambia asisukume, kana kwamba ni mimi ninayeamua. Baadaye uchungu ukaacha ghafla, akanyamaza, akasema anasikia baridi, nami nikafurahi, loo, nikafurahi jamani, nikadhani amepata nafuu. Baba alikuwa bado anapampu.

Shemeji alirudi mchana na lori la mbao. Tukampandisha dada juu ya mbao.

Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa amekufa zamani, daktari alisema, na mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka ikabidi uondolewe. Alitueleza koridoni, baba akiwa na mikono yenye dizeli, ameiweka mbali na nguo zake asichafue ukuta. Baba aliuliza swali moja, kama tungefika asubuhi ingekuwaje. Daktari alimtazama, akasema, "Mzee, mngefika asubuhi tungempasua tu, ni kazi ya kawaida."

Lililofuata ndilo lililotumaliza. Siku chache baadaye baba alipanda na dereva mwenzake kwenda kulivuta gari. Walibeba kamba, walibeba betri. Watu wa jirani na pale walikuwa wamekusanyika kuangalia. Wakaweka betri, baba akajaribu tu, hana imani, na likawaka mara moja! Likanguruma taratibu kama siku ile ya gereji. Dereva mwenzake akabaki mdomo wazi. Na mmoja wa wale waliosimama pale akasema kwa sauti, si kwa ubaya, alikuwa anafikiri tu, "Mnaona? Ameshuka yule mwanamke, gari limewaka."

Maneno hayo yalifika Ibaba kabla dada hajatoka hospitali. Magari mawili yamemfia akiwa ndani. Ana nuksi. Mama mkwe hakuhitaji tena kusema lolote, wengine walimsaidia. Dada akarudi kwa mumewe na mshono tumboni, na wanawake wenzake wakawa hawataki kukaa naye benchi moja kanisani, hasa wenye mimba.

Baba yeye alimalizia hasira zake kwa fundi. Alisimama kwenye maegesho ya malori, mahali ambapo madereva wote wanamheshimu, akamwita muuaji mbele ya wateja wake. Hakusema mara moja. Kila kijiwe cha chai alikuwa anaanza upya. Fundi alijitetea siku ya kwanza tu, akasema, "Mzee, naapa kwa Mungu, nimekaza kila kitu," halafu akaacha kujitetea. Watu wakaacha kumpelekea magari. Tukasikia amehamia Galula, anatengeneza pikipiki na mashine za wachimbaji. Nami sikumhurumia. Niliona anastahili.

Kiangazi kikafika. Baba sasa alikuwa anabeba mzigo wowote wa mtu yeyote. Nikaenda naye bondeni Momba kufuata mchele. Tukirudi, tangi likiwa limebaki robo, likaanza kumisi kwenye barabara ya vumbi. Siku hiyo betri ilikuwa mbovu, baba akaogopa likizima tutalala pale, kwa hiyo hakuliacha lizime. Akasimama huku amekanyaga mafuta, injini inakohoa, gari zima linatikisika.

"Nenda kapime mafuta!" akanipigia kelele. "Mimi sitoi mguu hapa!"

Nikashuka na kijiti na kisu. Nikakata mpira. Nilipoushika mfuniko haukutaka kutoka, kitu kilikuwa kinauvuta kwa ndani. Nikauvuta kwa mikono miwili. Ukatoka, na chini yake rambo ilikuwa imezama kwenye shingo ya tangi, imebanwa, imekazika. Nikaichomoa. Tangi likavuta pumzi. Nasema pumzi kwa sababu ndivyo lilivyosikika, fyoooo, ndefu, na bati la tangi likapiga kelele moja chini, ko! Na kabla sijaingiza kijiti, injini ikaacha kukohoa. Hakuna aliyegusa pampu. Hakuna aliyetoa upepo wowote. Ilinguruma taratibu, safi kabisa, na vumbi likatulia pembeni yangu.

Nilitazama dirisha la mbele. Baba alikuwa amegeuza shingo, ananitazama.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua tu."

Akautazama mfuniko mkononi mwangu. Halafu akasema, "Funga tena. Kwa rambo. Kaza." Nikafunga, nikapanda, tukaenda. Kwa kitambo gari lilikuwa zima. Halafu likamisi. Akasimama, mguu kwenye mafuta. "Fungua." Fyoooo. Likapona. Akanifungisha tena, tukaenda tena, nikafungua tena, na mara hiyo ya mwisho alishuka mwenyewe akasimama karibu yangu, sikio karibu na tangi, kusikiliza.

Mimi si fundi, lakini hata mimi nilielewa pale pale. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Sisi tuliziba hewa. Tangi likawa linajinyonga, na injini inakosa mafuta wakati mafuta yapo. Siku zote baba alipolifungua kupima ndipo lilipopona, wala si kwa ule upepo aliokuwa anautoa. Na tangi likijaa zaidi, nafasi ya hewa inakuwa ndogo zaidi, na linajinyonga mapema zaidi. Siku ile ya Ibaba halikuwa na nafasi ya hewa kabisa; lilipoachwa pale siku kadhaa hewa ikapenya kidogo kidogo, ndiyo maana likawaka. Siku ile peke yake hakuchukua kijiti, kwa sababu alijua mafuta yamo.

Baba alikaa chini, pale pale vumbini, mgongo kwenye tairi. Sikuwahi kumwona baba yangu amekaa chini barabarani.

"Aliniambia niangalie mafuta," alisema.

Nilimwacha akae. Lakini mimi ndivyo nilivyo, siwezi kukaa na kitu. Tulipokaribia nyumbani nikamwambia kule Ibaba wanasema dada ana nuksi, na mumewe ameshaoa mwanamke mwingine kwa sababu hiyo, na kama hasemi yeye nitasema mimi, tena nitasema kwa kelele. Nilitegemea anigombeze. Alisema tu, "Nitasema mwenyewe."

Alianzia Galula. Alikwenda kwa pikipiki, peke yake, akarudi kesho yake. Nikamuuliza fundi amesemaje. Akasema, "Amenipa chai." Halafu akapita kijiwe kimoja kimoja, vile vile vya mwanzo, akawaambia madereva alichokuta kwenye tangi lake. Wengine walimpa pole. Wengine walikwenda kimya kimya kwenye magari yao kuangalia mifuniko.

Kisha tukapanda Ibaba, kwa basi na kwa miguu. Baba alimwomba mama mkwe na shemeji wakae wamsikilize, akawaeleza kama alivyowaeleza madereva, polepole, akiwaonyesha kwa mikono. Alikuwa na ile rambo kwenye mfuko wa shati. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima. Akasema, "Pole, mzee. Lakini tumbo lake si limeshatolewa? Hilo tangi halitalirudisha." Shemeji alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilimpasulia yule mama, nilimwambia yote ninayoyafikiri juu yake na uzao wake, na haikubadilisha kitu.

Dada alikuwa kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu nyumba kubwa sasa ilikuwa ya yule mke mwenzake, aliyekuwa na mimba kubwa. Alikuwa anamenya viazi. Baba alikaa kwenye kigoda, akaitoa rambo, akaiweka juu ya mkeka katikati yao. Akaanza upya. Alipofika pale kwenye kona akaigusa rambo kwa kidole, akaendelea. "Uliniambia. Ningefungua tu, tungefika."

Dada hakuacha kumenya mpaka alipomaliza. Kisha akaweka kisu chini, akanigeukia mimi, hakumgeukia baba.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe, dada."

"Na lile lori la mahindi?"

"Lile lilikuwa tope. Tope tu."

"Siyo mimi," akasema, na safari hii hakuwa anauliza. Akamshika baba mkono, kile kidole gumba chenye kovu, akakaa nacho hivyo. Nje mama mkwe akaita, viazi viko wapi, mwenye mimba ana njaa. Dada akauachia mkono wa baba, akachukua sufuria, akaenda kumpikia mke mwenzake.